Kabla hujamlipa mpiga chapa

Wadogo zangu wa Butembo na Beni, wengi mnaniletea swali lile lile: “Yaya, niko na mashairi, mtu ananiomba dola ili anitolee kitabu. Nilipe?” Usilipe kwanza. Keti tuongee.

Mpiga chapa anauza karatasi, wino na kazi ya mashine. Ukimpa faili lenye makosa, atakurudishia nakala mia tano zenye makosa yale yale, wala huna la kumdai. Mchapishaji anasoma mswada, anautafutia mhariri, anaweka pesa yake, anauza, kisha anakupa sehemu yako, mara nyingi asilimia 10 hivi ya bei. Kitabu kisiponunuliwa, hasara ni yake. Anayejiita mchapishaji huku gharama zote anakubebesha wewe, mhesabu kama fundi uliyemwajiri. Hakuna ubaya, ila hapo nakala zote ni zako na haki zote zinabaki kwako, na hilo liandikwe kwenye mkataba. Sheria yetu ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi. Usizigawe kwa saini ya haraka.

Kujichapishia mwenyewe si aibu. Zamenga Batukezanga, aliyesomwa sana Kinshasa kwa hadithi za maisha ya watu wa kawaida, alifika hatua ya kuchapisha kwa jina la nyumba yake mwenyewe, Zabat. Lakini ukichukua njia hiyo, kazi yote ya mchapishaji inakuangukia wewe.

Anza na kurasa. Karatasi kubwa ya mashine ikikunjwa mara tatu inatoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 64 kinakula karatasi nne kamili. Cha kurasa 67 kinaanza ya tano kwa sababu ya kurasa tatu tu, nasi karatasi inatufikia kwa njia ndefu, kupitia mpaka wa Kasindi. Toa mashairi mawili matatu yaliyo dhaifu. Unayajua ni yapi. Kisha fungua faili kwa ukubwa halisi wa ukurasa. Mshororo wa mizani 16 ukikosa nafasi, neno la mwisho linaangukia chini peke yake pamoja na kina chake, na msomaji anapoteza mwendo. Kosa hili naliona karibu katika kila mswada, na dawa yake ni kupunguza ukubwa wa herufi kidogo tu.

Sasa jambo linalonigusa zaidi. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa katika eneo la Beni, na mashairi mengi ninayoletewa ni maombolezo. Yaandikeni. Kama si ninyi, nani atayaandika? Lakini shairi lenye jina la marehemu lipeleke kwanza kwa familia yake, ulisome kwa sauti mbele yao. Wakikataa jina, liondoe, hata kama linabeba kina chote cha ubeti. Pia msinijazie ukurasa damu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Niambieni mama mnayemlilia alikuwa anaelekea shamba gani, alipanda nini msimu ule. Hapo msomaji wa mbali atajua nani ameondoka.

Mashairi ya Kiswahili yana milango mingine pia. Mwaka 2015 Mohammed Ghassani, Mpemba anayeishi Ujerumani, alipata tuzo ya Mabati-Cornell kwa mashairi yake, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakamtolea kitabu, “N'na Kwetu”. Mswada uliopangwa vizuri unatumwa kwa simu kutoka hapa Butembo.

Na ukiamua kuchapa hapa hapa, mpiga chapa atakushawishi uchukue elfu moja kwa sababu bei ya kila nakala inashuka. Ni kweli inashuka. Wewe chapa mia moja. Zipeleke shuleni, parokiani baada ya misa, kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Graben, na andika kwenye daftari nani amechukua na nani amelipa. Zikiisha, rudi kwa mpiga chapa na daftari hilo mkononi.