KUIPAMBA NYUMBA KWA FEDHA KIDOGO
Somo kutoka Obunga, Kisumu

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kisumu kwenda mtaa wa Obunga hulakiwa kwanza na harufu ya samaki wa kukaanga. Huko akina mama hukaanga mgongo wazi, yaani mifupa na vichwa vya mbuta vibakiavyo baada ya viwanda kuondoa minofu, wakawauzia watu wasioweza kununua samaki mzima. Jambo hili lafaa kukumbukwa katika somo la kupamba nyumba, kwa maana wafanyao kazi hiyo wamekwisha kuzoea kukitengeneza vizuri kile ambacho wengine wamekiacha, na ustadi uo huo ndio utakiwao ndani ya chumba.

Obunga ni mmoja wa mitaa iliyouzunguka mji, pamoja na Nyalenda, Manyatta na Bandani. Nyumba nyingi huko ni za miti na udongo zilizoezekwa mabati, na wakazi wengi ni wapangaji wa chumba kimoja. Humo hupikwa, huliwa, hulalwa, na watoto husomea humo. Wako wasemao kwamba chumba cha namna hiyo hakistahili kupambwa, na kwamba mtu angoje mpaka ajenge kwake. Hilo ni kosa. Aweza kungoja miaka kumi, na watoto wake wakakua katika chumba chenye giza, kuta zake zikimwaga vumbi juu ya vitabu vyao.

Wengine hudhani kwamba kupamba nyumba ni jambo la kigeni lililoletwa na magazeti yenye picha. Msomaji mwenye shaka na aende katika Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980. Humo mna boma kamili la Kiluo liitwalo Ber-gi-dala, pamoja na nyumba za wake na ya mwana mkubwa. Katika desturi ya Waluo wanaume walisimamisha miti na kuezeka paa, na wanawake walikandika ukuta na kuulainisha. Mwanamke aliyekuwa na mkono mwepesi hakuacha ukuta mtupu: alichora mistari kwa vidole udongo ukiwa ungali mbichi, au akapaka udongo wa rangi nyingine juu yake. Mara nyingi sehemu ya chini ya ukuta ilipakwa rangi nyeusi zaidi. Mkanda huo ulikuwa pambo, lakini tena ulikuwa na kazi, kwa kuwa matope yanayorushwa na matone ya mvua hayakuonekana juu yake.

Na si Waluo peke yao. Huko Afrika Kusini wanawake wa Kindebele hupaka kuta zao michoro ya rangi kali. Mmoja wao, Esther Mahlangu, aliyezaliwa mwaka 1935, alifundishwa kazi hiyo na mama yake na bibi yake alipokuwa mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1991 aliitwa kupamba motakaa ya BMW kwa michoro ile ile ya ukutani. Katika nchi ya Burkina Faso, nyumba za udongo za mtawala wa Tiébélé, zinazopambwa na wanawake, ziliingizwa mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Basi kazi na ianzie ukutani, kwa sababu pambo lililotundikwa juu ya ukuta unaobomoka ni sawa na kofia mpya juu ya shati lililoraruka. Ukuta wa udongo wataka udongo ufaao. Udongo mweusi wa tambarare ya Kano haufai peke yake: ukinywa maji huvimba, na ukikauka hupasuka. Udongo mwekundu, kama ule wa upande wa Maseno, ni bora. Huchanganywa na mchanga ili usipasuke, na samadi mbichi ya ng'ombe ili nyuzi za majani zilizomo zishikamanishe udongo. Kipimo hakiwezi kutajwa hapa, kwa sababu kila udongo una tabia yake. Mwenye busara hutengeneza michanganyiko mitatu au minne, mchanga ukizidi kidogo katika kila mmoja, akaipaka ukutani kwa vipande vya ukubwa wa kiganja, akaviacha mpaka vikauke kabisa. Kile kisichopasuka, wala kutoa vumbi kikisuguliwa kwa kidole, ndicho cha kufuatwa. Watu wengi huiona kazi hii ya kujaribu kuwa ni kupoteza wakati, kisha hulazimika kukandika mara ya pili.

Baada ya udongo kukauka vema, chumba chenye giza chahitaji chokaa kuliko kitu kingine chochote. Chokaa hutengenezwa kwa mawe ya chokaa yaliyochomwa. Mawe hayo huchimbwa hata huko Koru, mashariki ya Kisumu. Inunuliwe ile iliyokwisha kuzimwa, iuzwayo kama unga katika mifuko, maana ile isiyozimwa huchemka ikitiwa maji na yaweza kumwunguza mtu. Unga huo hukorogwa katika maji mpaka uwe mwepesi kama maziwa, hulazwa usiku mmoja, kisha huchujwa kwa kitambaa. Ukuta hunyunyiziwa maji kwanza. Hupakwa tabaka nyembamba mbili au tatu, na kila moja iachwe ikauke kabla ya nyingine. Tabaka nene hubanduka. Mpakaji asishangae chokaa ikionekana hafifu ingali mbichi, kwa sababu weupe wake hutokea inapokauka. Na ugumu wake hutoka hewani, polepole, kwa siku nyingi. Apendaye rangi aweza kutia udongo mwekundu au wa manjano uliosagwa na kuchekechwa, naye atapata rangi tulivu bila ya kununua kopo la rangi dukani. Mikono ifunikwe, na watoto wawekwe mbali. Chokaa ikiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha mtu apelekwe kwa daktari.

Juu ya mabati chokaa haikai vizuri. Wenye vyumba vya mabati wengi hubandika magazeti kwa gundi ya unga. Magazeti hupunguza baridi ya usiku, na kuna watoto waliojifunza kusoma kwa kuzitazama kuta hizo. Lakini gundi ya unga ni chakula cha mende na panya, na karatasi kavu karibu na koroboi au jiko ni hatari iliyo dhahiri, maana katika mitaa iliyosongamana moto wa chumba kimoja haukomi katika chumba hicho. Upande wa jiko usibandikwe karatasi wala kutundikwa kitambaa hata kidogo.

Hapa mpangaji ataka kuuliza: Kwa nini atumie fedha zake kutengeneza ukuta wa mtu mwingine? Swali hilo ni la haki. Ni kweli kwamba chumba kikipendeza, mwenye nyumba aweza kupandisha kodi, au kumtafutia mpangaji mwingine. Kwa hiyo azungumze naye kabla ya kushika brashi, na kama mwenye nyumba akikubali kukata gharama ya chokaa katika kodi ya mwezi, maneno hayo yaandikwe na kutiwa sahihi na wote wawili. Akikataa, mpangaji afanye ukutani yale tu yahitajiwayo kwa usafi na mwanga, na fedha nyingine azitumie kwa vitu awezavyo kuvichukua siku ya kuhama.

Vitu hivyo si haba. Mafunjo ya kando ya ziwa hufumwa mikeka ambayo hutandikwa chini, na pia huweza kusimamishwa kama kiambaza kati ya kitanda na mahali pa kukaa. Gugumaji, lile jani lililoonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwazuilia wavuvi njia, hukaushwa na mafundi wa Kisumu wakafuma vikapu na hata viti. Katika soko la Kibuye huuzwa mapazia ya mitumba, na fundi wa cherehani aweza kufanya pazia moja kubwa kuwa mbili za kadiri. Vitambaa vya kochi vya kushona kwa kroshia vinajulikana katika kila nyumba ya Kenya, na havihitaji ila uzi, sindano na subira.

Lakini ni rangi gani, na ni mapambo ya namna gani? Wengi hukosea hapa kwa kufuata nyumba ya jirani. Mama mmoja akinunua maua ya plastiki, baada ya mwezi mtaa mzima una maua ya plastiki, nayo yamejaa vumbi. Iko njia rahisi ya mtu kujua apendacho yeye mwenyewe. Atoe leso zake zote na nguo zake za kutokea, azitandaze kitandani, atazame ni rangi gani inayorudi mara nyingi. Alizinunua kwa miaka mbalimbali, bila ya kushauriwa na mtu, na kwa hiyo hazidanganyi. Rangi hiyo aifanye kiongozi wa chumba: pazia liifuate, na kitambaa cha meza kiwe nayo kidogo. Rangi ya pili isaidie. Ya tatu iwe chache sana, labda katika mto mmoja au ukingo wa rafu. Chumba kidogo chenye rangi sita huonekana kidogo zaidi.

Tena pasiwe na kitu kisicho na kazi wala kumbukumbu. Picha ya arusi ya wazazi, kibuyu cha bibi, au kasia la baba aliyekuwa mvuvi, vyafaa kuliko picha kumi za mahali ambapo hapana mtu wa nyumba hiyo aliyefika.

Jambo moja haliachwi. Pwani ya ziwa ina mbu wengi, na malaria ingali inaua watoto. Kwenye fuo zimeonekana mara nyingi vyandarua vikianikiwa omena, na mjini wako waliovikata wakafanya mapazia. Chandarua kizima chaweza kuwa pambo la kitanda kikifungwa juu kwa utepe wa rangi ya chumba wakati wa mchana, kikashushwa jioni. Wala dirisha lisizibwe kwa kabati au pazia nene, hasa mahali papikwapo kwa makaa, kwa kuwa moshi wake usioonekana umewaua watu usingizini.

Kazi ya kukandika na kupaka chokaa ifanywe Januari au Februari. Mvua za masika zikianza, ukuta mbichi haukauki.