SUFURIA ZA ALUMINI: MAMBO YAPASAYO KUJULIKANA

Mama apikaye maharagwe kwa magadi huko Kibera huona jambo hili: akiisha kupakua chakula na kuosha sufuria yake nyeupe, ndani yake kumeingia weusi. Jirani yake wa Kawangware, aliyepika mchuzi wa nyanya nyingi, huona kinyume chake: sufuria iliyokuwa na weusi hutoka iking'aa kana kwamba imesuguliwa. Watu wengi hudhani kwamba ya kwanza imeharibika na ya pili imetakata. Lakini mambo hayo mawili yana asili moja, na yafaa tuieleze.

Alumini imo kwa wingi katika udongo tunaoukanyaga, yapata sehemu 8 katika kila sehemu 100 za uzito wa ganda la dunia. Hata hivyo imeshikamana na oksijeni kwa nguvu nyingi, hata wahunzi wa zamani waliojua kufua chuma hawakuweza kuitoa kwa moto wa makaa. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja mbali na mwenziwe, walivumbua njia ya kuitenga kwa nguvu za umeme, na bei yake ikashuka. Jina la sufuria lenyewe latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya shaba, kwa kuwa vyombo vya zamani vilikuwa vya shaba. Alumini imelirithi jina tu.

Uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma, nayo hupitisha joto upesi, jambo lipunguzalo matumizi ya makaa. Haishiki kutu nyekundu. Sababu yake ni kwamba, mara igusapo hewa, hujivika utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, nao huizuia hewa isile zaidi. Utando huo ukikwaruzwa, hujifunga tena wenyewe papo hapo. Basi wema wote wa sufuria ya alumini umo katika ngozi hiyo.

Adui zake ni wawili: uchachu na magadi. Nyanya, ndimu, ukwaju, maziwa mala na uji uliochacha huuyeyusha utando polepole, na ndiyo maana sufuria hung'aa. Weusi uliotoka umekwenda katika mchuzi. Magadi nayo, yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi, pamoja na maji ya majivu yatumiwayo na watu wengi kulainisha mboga, huila alumini yakiwa ya moto, na kuacha weusi. Weusi uletwao na maji matupu yaliyochemka si sumu, wala hapana haja ya kuusugua kwa mchanga kila siku. Bora kuuacha.

Je, alumini iingiayo chakulani ina madhara? Mtu mwenye afya hutoa sehemu kubwa yake bila kuifyonza, na kidogo kiingiacho katika damu hutolewa na mafigo. Kuhusu maneno ya kwamba sufuria hizi huleta ugonjwa wa kusahau, mpaka sasa hayajathibitishwa. Mgonjwa wa mafigo ndiye apaswaye kumwuliza daktari wake. Kwa wengine yatosha kufuata desturi njema: pika mchuzi wa nyanya upendavyo, lakini usiulaze katika sufuria, uhamishe katika bakuli la udongo au la kauri. Maharagwe na mahindi ya githeri yakilowekwa usiku kucha hulainika, na haja ya magadi hupungua. Na mwenye kutengeneza sabuni kwa soda kali asithubutu kuichanganya katika chombo cha alumini, kwa maana hufoka, hupata moto sana, na kutoa hewa iwezayo kulipuka.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika alumini yenyewe. Imo katika yale yaliyochanganyika nayo.

Sufuria zetu ni za namna mbili. Ziko zilizokandamizwa kiwandani kutoka katika bamba: ni nyembamba, zina unene mmoja, na mara nyingi zina chapa ya mtengenezaji. Ziko pia zilizomiminwa katika kalibu ya mchanga na mafundi wa jua kali: ni nene, uso wake una chembechembe, na pengine vitundu vidogo. Hizi za pili hupendwa kwa sababu hudumu. Hata hivyo huyeyushwa kutoka katika vyuma chakavu vya kila aina, kama vile pistoni, vipande vya injini na rejeta za magari, na katika baadhi ya vitu hivyo imo risasi, ile metali nzito itumiwayo katika betri za magari. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Walichemsha ndani yake maji yenye asidi kama ya siki, na baadhi ya vyombo vilitoa risasi.

Risasi haina harufu wala ladha, na jicho haliwezi kuitambua ndani ya sufuria. Hudhuru ubongo wa mtoto, naye hupungukiwa na uwezo wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hapana kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waijua habari hii kwa uchungu, kwani kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa karibu nao kiliwaachia sumu hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kwa hiyo chombo cha kumimina ambacho asili yake haijulikani kisipikiwe uji wa mtoto, wala kitu chochote cha uchachu. Kitumike kwa maji ya kuoga au ya kufulia. Kukisugua hakusaidii, maana risasi imo ndani ya metali yenyewe.

Tuseme neno na mafundi pia. Fundi anayejali wateja wake huchagua chakavu chake, naye hukataa rejeta zilizotiwa lehemu na vitu vilivyopakwa rangi. Ajilinde na yeye mwenyewe. Alumini huyeyuka katika joto la digrii 660, na katika mwanga wa jua haionekani kuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Huonekana nyeupe tu, kana kwamba imepoa. Wengi wameungua kwa kudanganywa na weupe huo. Adui mkubwa ni maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hufanya lita kama 1,700, na matone machache yaliyofunikwa na alumini iliyoyeyuka hurusha metali hiyo juu kama bomu. Chakavu kikaushwe kwanza kando ya tanuri. Mikebe iliyozibwa itobolewe. Upawa upashwe moto kabla ya kuchovywa, mchanga wa kalibu usilowe kupita kiasi, na chini pawe na mchanga mkavu, si saruji, kwa kuwa saruji huficha unyevu. Moto ukitokea, uzimwe kwa mchanga mkavu. Nguo ziwe za pamba nzito, na viatu vya ngozi. Nailoni huyeyuka na kugandamana na mwili.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, na pete au saa ivuliwe mapema kabla ya kuvimba. Asipakwe dawa ya meno, wala unga, wala mafuta. Metali iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Funika jeraha kwa kitambaa safi, na umpeleke hospitali siku ile ile.