Tovuti Ikizima Mkesha wa Idi

Wadogo zangu, vuteni mkeka tukae. Leo namjibu mwenzenu mmoja anayeshona magauni ya sherehe na kuyauza kwa tovuti yake mwenyewe. Mkesha wa Idi tovuti ilizima kuanzia saa nane mchana mpaka saa moja usiku. Wateja waliokuwa wanataka kumalizia malipo walikuta ukurasa mweupe, wakaenda kununua kwingine. Kampuni inayomhifadhia tovuti ilimwahidi kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda wote. Alipolalamika akarudishiwa shilingi 1,000, akaambiwa dhamana imetekelezwa. Ananiuliza kama ametapeliwa.

Mdogo wangu, pole sana. Najua gauni moja linachukua siku ngapi mezani, na najua kila mteja alikuwa na maana gani kwako siku ile. Hukutapeliwa. Uliuziwa ahadi iliyo ndogo kuliko sauti yake, na hakuna aliyekaa nawe chini akakufafanulia. Ngoja nikufafanulie mimi.

Asilimia 99.9 inasikika kama kusema daima. Ichukue uiweke kwenye saa. Mwezi wa siku 30 una saa 720, na ile sehemu ndogo iliyobaki, asilimia 0.1, ni dakika 43 hivi. Kwa mwaka mzima inafika saa 8 na dakika 45. Sasa kaangalie mkataba wako unapima kwa mwezi au kwa mwaka, maana hapo ndipo watu wengi wanapopita bila kutazama. Ikiwa wanapima kwa mwaka, tovuti inaweza kuzima mkesha wa Idi tangu asubuhi mpaka jioni, kisha isizime tena hadi mwaka uishe, na kampuni ikawa imetimiza ahadi yake bila hata dakika moja ya deni. Wakiahidi 99 kamili, bila ile tisa ya ziada, hiyo ni zaidi ya saa 7 kila mwezi. Wakiahidi 99.99, ni dakika 4 na kidogo kwa mwezi. Tisa moja inabadilisha maisha.

Wewe ulizimiwa saa 5. Mwezi ule tovuti yako ilikuwa hewani asilimia 99.3, kwa hiyo ahadi ilivunjwa, na ndiyo maana walikulipa. Lakini angalia walivyolipa: asilimia 10 ya shilingi 10,000 unazotoa kwa mwezi. Dhamana za aina hii karibu zote hupimwa kwa bei ya huduma. Hasara ya mauzo haihesabiwi. Hata wakubwa wa dunia wako hivyo. Amazon, kwa huduma yao ya kuhifadhi mafaili iitwayo S3, wanaahidi 99.9 kwa mwezi, na wakishuka chini ya hapo lakini bado wako juu ya 99, mteja anapata punguzo la asilimia 10 kwenye ankara zinazofuata. Tena lazima alidai mwenyewe, kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa. Asipodai, hapati.

Kwa hiyo mkiniuliza iwapo kampuni hizi hutimiza dhamana zao, jibu langu ni kwamba nyingi hutimiza, miezi mingi. Ninachotaka mkione ni kile kisichoingia kwenye hesabu yao. Matengenezo yaliyotangazwa mapema mara nyingi hayahesabiwi. Mashambulizi ya wahalifu wa mtandaoni mara nyingi hayahesabiwi. Kosa la programu uliyoiweka mwenyewe halihesabiwi. Na neno "hewani" lina tafsiri yake: mara nyingine dhamana ni ya mtandao wao au ya seva yao, siyo ya tovuti yako. Seva inaweza kuwaka vizuri kabisa huku hifadhidata yako imekwama, au wewe na wenzako mliopangishwa seva moja mmegusa ukomo wa matumizi na tovuti inagoma kufunguka. Mteja wako anaona mlango umefungwa. Wao wanaona taa inawaka.

Hili nililijua kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na tovuti ya kupokea oda za keki. Kila siku ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, tovuti ilikuwa inakwama jioni. Niliwaandikia watu wa hostingi, yaani kampuni iliyonihifadhia tovuti, wakanijibu kwa upole kwamba kwao kila kitu kiko sawa. Nilibishana nao miezi mitatu kwa maneno matupu. Sikuwa nimeandika hata saa moja ya tukio, sikuwa na skrinishoti hata moja. Nililia, wadogo zangu. Siyo kwa sababu ya pesa peke yake, bali kwa kuwa nilikuwa sina la kuwaonyesha.

Ndiyo maana nawasihi msitegemee ukurasa wa kampuni unaoonyesha hali ya huduma. Tarehe 28 Februari 2017, mfanyakazi wa Amazon huko Marekani alikuwa anarekebisha mfumo, akakosea kuandika amri moja, na seva nyingi kuliko alizokusudia zikaondolewa kazini. S3 ikayumba kwa takriban saa 4 na tovuti nyingi zikaanguka nayo. Ukurasa wao wa kutangaza hali ya huduma wenyewe ulitegemea S3, kwa hiyo kwa muda hawakuweza kuubadilisha uonyeshe kwamba kuna tatizo. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini mwenye duka aliyeutazama siku ile angeamini mambo ni shwari.

Wekeni mlinzi wenu. Zipo huduma kama UptimeRobot ambazo hugonga mlango wa tovuti yako kila baada ya dakika chache, na ikishindwa kufunguka zinakutumia ujumbe na kuandika saa. Ukitaka kudai, una kumbukumbu yenye tarehe na dakika. Na usimtume mlinzi agonge ukurasa wa mbele tu. Mtume kwenye ukurasa wa bidhaa, ule unaosoma hifadhidata, kwa sababu huko ndiko mteja anakokwama.

Kuna na yale ambayo hayako mikononi mwa kampuni. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Seva iliyoko Ulaya ilikuwa macho muda wote, ila wateja wa hapa kuifikia ilikuwa kazi. Ikiwa wanunuzi wako wako Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, uliza seva iko wapi kabla hujalipa. Mimi ningekubali kulipa zaidi kidogo kwa seva ya karibu.

Halafu nakala. Jamani, nakala! Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la seva la kampuni ya OVHcloud liliteketea kwa moto huko Strasbourg, Ufaransa. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini wapo wateja waliopoteza kila kitu moja kwa moja, kwa kuwa nakala zao zilikuwa palepale zilipokuwa tovuti zao, au hawakuwa nazo kabisa. Dhamana ya kuwa hewani hairudishi faili lililoungua. Kila wiki shusha nakala ya tovuti na hifadhidata, iweke mahali ambapo kampuni hiyo haina ufunguo: kwenye diski yako nyumbani, au kwenye hifadhi nyingine ya mtandaoni. Na angalau mara moja jaribu kuirudisha uone kama inafunguka.

Sasa nikurudie wewe fundi wangu wa magauni. Usihame kwa hasira. Waandikie kwa heshima, uwape muda wa tukio, uwaulize chanzo kilikuwa nini na wamebadilisha nini. Kampuni nzuri itakujibu kwa maelezo. Ikikujibu kwa pole tupu mara ya pili, hama. Lakini kabla ya yote kagua jina la tovuti yako, yaani domeni, limesajiliwa kwa nani. Nimekutana na wengi ambao domeni yao imeandikwa kwa jina la kijana aliyewatengenezea tovuti, na siku ya kuhama wakajikuta wanambembeleza. Iwe kwa jina lako, barua pepe yako, nywila yako. Baada ya hapo jenga nakala ya tovuti kwenye kampuni mpya, ijaribu mpaka uridhike, ndipo uielekeze domeni huko. Kwa kampuni ya zamani endelea kulipia mwezi mmoja zaidi, maana mabadiliko ya domeni hayawafikii watu wote kwa saa moja.

Na weka njia ya pili ya kupokea oda. Namba yako ya WhatsApp iwe kwenye kila gauni unaloposti Instagram, ili tovuti ikizima mteja ajue pa kukukuta.

Ikiwa Idi uliyozimiwa ilikuwa ile ndogo, Idi kubwa huja siku 70 hivi baada yake. Anza na domeni leo, na mlinzi umweke kesho. Ukikwama popote niandikie tena, nami nitakaa nawe tuangalie pamoja.