Somo la wiki: Jeki huinua, stendi hushikilia

Watoto na wazazi, msimu wa kufunga matairi ya theluji umefika hapa Downsview. Mkifanya kazi hiyo katika gereji ya nyumbani, someni kwanza kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva: kinaonyesha uzito wa juu wa gari kwa kilo. Chagueni jeki na stendi zinazouhimili. Egesheni gari kwenye sakafu ngumu na tambarare, vuteni breki ya mkono, wekeni kabari kwenye matairi yanayobaki chini. Legezeni nati kidogo kabla ya kuinua.

Jeki ya mafuta ikivuja, gari huweza kushuka ghafla. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Zoezi: Kiambishi «hu-» huonyesha jambo la kawaida. Mtoto, tunga sentensi mbili: spana hufanya nini? Kabari je?