Umeme mdogo wa vibonyezo: tuutenge na ule mkubwa wa mashini



Hapa Oicha tumezoea grupu ya mazuti. Lakini kule Mutwanga, katika teritwari yetu hii ya Beni, maji yanatoa kuranti tangu 2013. Koperative ikipata mota kubwa ya kukoboa mpunga au kusaga muhogo, mara nyingi itakuwa ya fazi tatu. Leo tujifunze juu ya kitu kidogo ndani ya sanduku lake: umeme wa vibonyezo vya kuwasha na kuzima.

Kati ya fazi na fazi kuna volti 400. Kati ya fazi na nyutro, 230. Mkono wenye jasho au mawese haufai kukaribia volti hizo. Basi vibonyezo tuvipe volti 24, kwa transfoma ya kutenga.

Kutenga ni nini? Transfoma hiyo ina bobini mbili zisizoungana hata kwa waya mmoja. Umeme unavuka kwa nguvu ya sumaku tu. Iko nyingine, ototransfoma, yenye bobini moja. Nayo inashusha volti, lakini waya wake ukikatika pabaya, volti 400 zinafika kwenye kidole. Tusiichukue kwa kazi hii, hata kama bei ni nzuri. Dukani tazameni kibandiko: kiandikwe IEC 61558-2-6.

Tuiunge wapi? Kwenye fazi mbili, volti 400. Tukitumia nyutro, siku inapokatika zile 230 zinaweza kupanda sana na kuunguza transfoma. Waya zote mbili za kuingia ziwe na fyuzi ya polepole, maana zote zina moto.

Ukubwa gani? Kontakta inapovuta hula zaidi kuliko inaposhika. Tuseme moja inavuta kwa VA 70, nyingine imeshika kwa VA 8, na taa mbili zinakula VA 4. Jumla ni 82. Tununue ya VA 100. Upande wa 24, gawanya 100 kwa 24: ni kama ampea 4, basi fyuzi ya 4.

Ncha moja iende ardhini. Hapa wengi wanashangaa: tumetenga, mbona tunaunga tena? Panya akichubua waya mahali pawili na zote zikagusa bati, kibonyezo kinarukwa, na mota inaweza kuanza peke yake wakati mama ameingiza mkono kutoa maganda. Ncha moja ya 24 ikiwa ardhini, kosa la kwanza tu linakata fyuzi. Bobini za kontakta ziungwe upande wa ardhi, vibonyezo upande wa fyuzi.

Kabla ya kuwasha, fundi akate umeme, afunge swichi kwa kufuli, afungue waya za transfoma, kisha apime kati ya bobini mbili kwa megohmita ya volti 500. Ikionyesha chini ya megohmu 1, isiwashwe.

Tujadili kikundini:
1. Vibonyezo vyetu vina volti ngapi? Nani amepima?
2. Nani anashika ufunguo wa kufuli mtu akisafisha mashini?
3. Panya wanaingilia wapi?