Kilo Tatu za Wiki ya Kwanza

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Nyamarambe, umri wangu miaka 41 na uzito wangu kilo 92. Dada yangu aliyeko Minnesota alinishauri nifuate ulaji wa paleo, yaani kula kama watu wa zama za mawe: nyama, samaki, mayai, mboga na matunda, bila nafaka, maharage, maziwa wala sukari. Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, nikafurahi mno. Wiki ya pili na ya tatu mizani haikusogea, ijapokuwa sigusi obokima, ugali wetu wa wimbi, wala chai ya maziwa, na njaa ikinishika nala maparachichi, matatu au manne kwa siku, maana mti uko nyuma ya nyumba. Mama mkwe amenuna kwa kuwa nakataa obokima anaousonga. Nilitumaini kupunguza kilo ishirini kabla ya harusi ya mdogo wangu, miezi mitatu ijayo. Nimekosea wapi? – Mama Mwenye Huzuni, Nyamarambe.

JIBU: Mama, huzuni yako imezaliwa na furaha ya wiki ile ya kwanza, basi na tuanzie hapo. Mwili wa binadamu huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, akiba iitwayo glaikojeni, ambayo kwa kawaida hufikia nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu zipatazo tatu za maji. Mtu aachapo ghafla ugali, chapati, mandazi na sukari, mwili huila akiba hiyo katika siku chache za mwanzo, na maji yaliyoshikamana nayo hutoka kwa njia ya mkojo; ndiyo sababu wengi waanzao ulaji wa namna hii, wawe Nyamarambe au Minnesota, huona kilo moja mpaka tatu zikitoweka kabla wiki haijatimia, wakadhani mafuta yameyeyuka, ilhali sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji. Kilo zako tatu zilikuwa za kweli juu ya mizani, walakini hazikuwa kipimo cha wiki zitakazofuata, na yeyote aliyekutumainisha kwamba kila Jumatatu ingekuletea tatu nyingine alikudhulumu pasipo kukusudia.

Sasa tuitazame hesabu ya kilo ishirini. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700. Ili kilo ishirini ziondoke katika siku 90, ingekupasa kila siku ule kalori 1,700 hivi pungufu ya zile mwili wako unazotumia; na mwanamke wa makamo, mwenye uzito wako na shughuli za kawaida za nyumba na shamba, hutumia kalori elfu mbili na ushei kwa siku. Ungebakiwa na chakula kisichomtosha mtoto wa chekechea, nawe una maji ya kuteka, watoto wa kulisha na harusi ya kuandaa. Kipimo ambacho matabibu wengi hukiona kuwa cha salama ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, nacho hupatikana kwa bidii ya kila siku. Kwa hiyo, ukiziweka kando zile za maji, tarajia kilo sita mpaka nane kufikia harusi. Usizidharau. Kwa mtu wa kilo 92, kupungua asilimia tano tu, yaani kilo nne na nusu hivi, aghalabu hutosha kuanza kuteremsha shinikizo la damu na kuirekebisha sukari, jambo ambalo gauni la harusi halilionyeshi, lakini siha yako ya miaka ishirini ijayo imelitegemea.

Hata hivyo si haki nikuambie usubiri tu, kwa maana waraka wako wenyewe umeitaja sababu mojawapo. Parachichi ni tunda la heri, nami siwaonei ila husuda njema watu wa Kisii wanaolichuma uani. Walakini parachichi moja kubwa lina kalori zipatazo 300, na manne ni 1,200, yaani nusu nzima ya chakula cha siku, kabla hujaonja nyama wala samaki. Dada yako alikutajia vyakula vilivyoruhusiwa pasipo kukutajia kiasi chake, ilhali kiasi ndicho kinachoamua. Kula nusu ya parachichi pamoja na mlo, na njaa ikikujia katikati ya siku iangalie kwanza sahani yako ya mchana: je, ilikuwa na mboga za kutosha, chinsaga au managu, na kipande cha samaki au mayai mawili, au ulikula kidogo kwa tamaa ya kuona mizani ikishuka? Kuhusu mizani, jipime mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya chai, kwa nguo nyepesi na juu ya mizani ile ile, kwa kuwa anayejipima siku ya soko, ameshiba na kuvaa viatu, hupima chakula cha mchana pamoja na mwili. Siku zako za mwezi nazo huweza kuongeza kilo moja au mbili za maji, kisha zikaondoka zenyewe. Tafuta pia utepe wa fundi cherehani, ujipime kiuno, maana mara nyingi kiuno hupungua katika wiki ambayo mizani imenyamaza.

Nisingependa nyumba iingie uhasama kwa sababu ya obokima. Madai ya paleo, ambayo Loren Cordain aliyaeneza sana kwa kitabu chake cha mwaka 2002, ni kwamba mwili wa binadamu uliumbika kabla ya kilimo na haujazizoea nafaka. Lakini watu wa kale wenyewe hawakuwa na sahani moja. Huko Nyayanga, katika rasi ya Homa isiyo mbali na kwenu, wataalamu walitangaza mwaka 2023 zana za mawe zenye umri upatao miaka milioni 2.6 au zaidi, zilizotumiwa kukata nyama ya kiboko na vilevile kuponda mimea. Na katika pango la Ngalue, Msumbiji, zimeonekana chembe za mtama juu ya mawe ya miaka kama 100,000 iliyopita. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma, hula mizizi kwa wingi, na msimu ukifika hula asali pasipo kujizuia. Na kuhusu uzito wenyewe, huko Umeå, Uswidi, wanawake 70 wanene waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa miaka miwili, wengine wakila paleo na wengine mlo uliopendekezwa na wataalamu wa nchi za kaskazini ya Ulaya. Katika miezi sita ya kwanza wa paleo walipungua zaidi, lakini miaka miwili ilipotimia tofauti ile ilikuwa imefifia. Tena wimbi, ambao mama mkwe wako anausonga kwa mikono yake, unazishinda nafaka nyingine zilizozoeleka kwa madini ya kalisi, nawe uliyeacha maziwa unayahitaji. Kwa hiyo kubali tonge la ukubwa wa ngumi yako, mle pamoja, uongeze mboga. Mandazi, soda na sukari ya chai uviache kabisa: vijiko vitatu katika kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni kalori 190 hivi zisizoshibisha, nami naamini kuviacha hivyo ndiyo faida halisi uliyoipata katika ushauri wa dada yako.

Hukuniandikia iwapo una maradhi yoyote. Kama unatumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, nakusihi umwone daktari kabla ya kuendelea na wiki ya nne, kwa kuwa wanga ukipungua, baadhi ya dawa za kisukari, hususan insulini, kwa kipimo kile kile cha jana zaweza kuishusha sukari ya damu kupita kiasi leo, na mtu akazimia ghafla.