Kabla Hujashona Mkeka: Vidokezo kwa Anayeanza Ukili

Mbwera utafika kwa boti, kama vijiji vingine vingi vya delta ya Rufiji, na huko kusuka hakuna darasa wala cheti. Mtu anakaa barazani na ukili wake, ule utepe wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka, anapiga soga, anamkemea mtoto, vidole vinasuka bila kutazamwa. Anayetazama hudhani kazi yote ni hiyo. Siyo. Mkeka huharibika au hupata uzuri wake mapema zaidi: kwenye kukausha, kuchana na kutia rangi. Kwa hiyo vidokezo vingi hapa ni vya huko nyuma, kabla sindano haijashikwa.

1. Jua unasuka nini. Ukindu ni laini. Ndio wa mikeka ya kulalia na misala. Miyaa ni mipana na migumu, kazi yake majamvi na vikapu. Kuti la mnazi ni la pakacha, tena pakacha utalimaliza kabla chai haijapoa. Kama vidole vyako havijazoea, anza na miyaa. Ukiiharibu, hasara ni ndogo, na makosa yanaonekana wazi kwa sababu chane, yaani vipande vya jani lililochanwa, ni pana.

2. Kata kwa adabu. Kinachotakiwa ni kuti changa la katikati, lile ambalo bado limejifunga halijachanua. Mkindu huota kwa mashina mengi pamoja, kwa hiyo chukua kutoka shina hili, acha lile, usifagie kichaka kizima. Na vaa viatu: chini ya kuti kuna miiba inayochoma kwelikweli. Aliye mjini ana njia fupi, anunue sokoni ukindu uliokwisha kukaushwa.

3. Jua ni rafiki, mvua ni adui. Anika ukindu siku kadhaa mpaka ukijani uishe na rangi igeuke nyeupe ya maziwa. Wingu likitanda, ingiza ndani upesi. Ukilowa ukiwa nusu mkavu unapata madoa ya ukungu, na doa hilo hakuna rangi ya dukani itakayolificha isipokuwa nyeusi.

4. Chana sawasawa. Toa uti wa katikati, kisha pasua jani kwa ukucha au kwa ncha ya sindano. Hapa ndipo subira inapolipa: chane moja ikiwa pana kuliko mwenzake, ukili mzima unakwenda upande. Panga chane kwa upana, ukiwa na mafungu mawili au matatu, na usichanganye mafungu. Hiki ndicho kidokezo ambacho wanafunzi wengi hukiruka, halafu wanalaumu vidole.

5. Rangi ya kuchemsha. Rangi za unga za kutilia ukindu huuzwa kwa vipimo vidogo: nyekundu, kijani, zambarau, manjano. Tafuta sufuria kuukuu ambayo haitarudi kupikia wali. Loweka chane kwanza kwenye maji ya kawaida, maana chane kavu hainywi rangi sawasawa. Zifunge vichana vilegevu. Ukikaza kamba, chini ya fundo patabaki peupe. Maji yakichemka koroga rangi, zamisha vichana, geuza mara kwa mara, wacha vitokote nusu saa hivi, kisha epua na uviache humohumo mpaka maji yapoe. Suuza hadi maji yatoke meupe. Anika kivulini, kwa kuwa jua lile lile lililokung'arishia ukindu sasa litaifubaza rangi.

Kabla ya kusuka, futa chane kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikipata rangi, suuza tena. Mgeni wa Ijumaa mwenye kanzu nyeupe akiinuka na mistari ya zambarau mgongoni, hatakusifu.

6. Rangi ya magome. Kabla ya unga wa dukani palikuwa na magome, na delta hii imejaa miti yenye magome ya rangi. Gome la mkoko likichemshwa hutoa wekundu wa hudhurungi. Tupia misumari yenye kutu ndani ya maji hayo na wekundu utageuka kuwa kijivu, hata karibu na nyeusi, kwa sababu chuma na tanini ya gome huungana. Enzi ya Wajerumani magome hayo yalisafirishwa ng'ambo kutengenezea ngozi, na tangu 1898 mikoko ya Rufiji iliwekwa kuwa msitu wa hifadhi. Basi usiende kumenya mti uliosimama: mkoko uliobanduliwa gome kuzunguka shina hufa. Omba mabaki ya gome kwa mwenye nguzo zilizokatwa kwa kibali. Usipopata, maganda ya vitunguu hutoa rangi ya dhahabu iliyotulia. Bizari ya manjano inang'aa sana siku ya kwanza, ila jua huila haraka.

7. Suka ukili kwanza, mkeka baadaye. Chane tano zinatosha kujifunzia. Aliyezoea kusuka nywele ameshafika nusu ya njia, kwani ukili ni kama twende kilioni isiyo na kichwa chini yake. Weka chane ndani ya kanga mbichi zisikatike, lakini usizilaze humo usiku kucha. Chane ikikaribia kwisha, laza mpya juu yake mapema na ufiche mikia upande wa chini, ukishamaliza, ikate. Asubuhi na jioni hewa ina unyevu, chane hutii. Saa saba mchana hukatika tu.

Ukikwama, nenda kwa mzee wa jirani. "Shikamoo bibi, ukili wangu unapinda," inatosha. Ataunyang'anya, atafumua nusu yake bila kukuuliza, na utajifunza.

8. Hesabu pima (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) kabla ya kushika shazia, sindano ya kushonea mkeka. Ukili wenye upana wa sentimita 3 kwa msala wa mita 1.1 kwa 0.7 unataka kama mita 26, yaani pima 14 hivi. Mkeka wa mita 1.8 kwa 1.2 unataka mita 72, pima 40. Ndiyo maana nasema anza na msala. Shona ukingo kwa ukingo bila kuvuta sana, la sivyo mkeka utajikunja kama bahasha. Siku ukiiva, jaribu fumba, ule mkeka wa mfuko ambao wazee waliingia wakalala, mbu wakabaki nje.

   

9. Ukiuza, taja pima. Mwambie mteja mkeka huu una pima 40 za ukili, zimesukwa kwa mkono, mbali na kukata, kuanika, kuchana na kuchemsha. Nawe mnunuzi, uliza pima ngapi kabla hujaomba kupunguziwa.